Mkono wa Kushoto wa Leandro

Kibao walichomtundikia Mzee kwenye ukuta wa uwanja kina makosa mawili. La kwanza ni la mchongaji, aliyemchora akirusha mpira kwa mkono wa kushoto, wakati mtu yule hata kijiko hakuweza kukishika kwa kushoto bila kuchafua shati. La pili ni jina, na kosa hilo ni langu mimi. Nimekaa nalo karibu miaka thelathini, na Jumamosi iliyopita nililiona limechongwa kwenye shaba kwa herufi kubwa, watu wamelizunguka na glasi zao za mvinyo mweupe, wanapiga makofi. Binti yangu Nadia ndiye aliyenipeleka kwa gari. Njia nzima alikuwa ananiuliza besiboli ni mchezo gani, nikamwambia ni mchezo wa watu wasiopenda kukimbia, wanasimama saa tatu uwanjani wakitema mate kwenye nyasi na kungoja mmoja wao akosee. Alicheka sana. Hakujua kwamba maneno hayo si yangu, ni ya Mzee mwenyewe, ambaye alilipwa kucheza mchezo huo kwa miaka kumi na mitatu, Havana kwao Cuba, na Amerika na Meksiko, na ambaye alimdharau karibu kila mtu aliyeupenda.

Habari za nyumbani kwetu sitazieleza. Waliozieleza wametosha, na wengine walizieleza ili tu wakaribishwe kwenye mikutano yenye chakula. Nitasema jambo moja, kwa kuwa bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Pasi niliyokuja nayo Brussels kutoka Bujumbura haikuwa yangu. Ilikuwa ya dada yangu Mwajuma, aliyepata nafasi ya kusomea uuguzi huku, na ambaye malaria ilimchukua wiki tatu kabla ya safari, katika mwaka ambao mtaani kwetu watu walikuwa wanakufa kwa sababu nyingine kabisa. Tulifanana sana. Baba hakungoja hata arobaini. Alinipa pasi, akanipa na koti la Mwajuma, akaniambia kwamba kuanzia siku hiyo aliyekufa ni Zaituni. Zaituni ni mimi. Nilipotua hapa hakuna aliyelijua jina hilo, na niliapa hakuna atakayelijua.

Uuguzi ulinishinda muhula wa kwanza. Mwajuma ndiye aliyekuwa na kichwa cha kusoma, mimi nilikuwa na sura yake tu. Lakini asiyesoma alitakiwa awe na mkataba wa kazi, la sivyo kibali cha kuishi hakiongezwi, na changu kilikuwa kinakwisha mwezi wa Novemba. Wakati huo nilikuwa nalala Matonge, mtaa wa Wakongo pale Brussels, kwenye chumba cha nyuma cha saluni ya Maman Béa, mama wa Bukavu aliyejua mambo ya watu wote kwa sababu kichwa kikiwa mikononi mwake kwa saa tano, mwenye kichwa atasema tu. Yeye ndiye aliyenitafutia Mzee. Yule aliyekuwa akimtunza alikuwa ameondoka bila kuaga, wa tatu katika mwaka mmoja. Nilimuuliza ni mtu wa namna gani. Maman Béa hakuinua macho kwenye msuko aliokuwa anausuka. "Ni muntu mweusi kama siye, mais anajionaka muzungu," alisema. "Bon, utamuzoea. Wewe unatafuta contrat, yeye anatafuta muntu wa kumupikia. Alors, unangoja nini?"

Basi nikaanza kazi Laeken, ghorofa ya tatu, katika jengo lenye lifti iliyofanya kazi ilipojisikia. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na harufu ya pomedi ya nywele. Sebuleni kulikuwa na kiti kimoja kizuri, chake, na viti vitatu vibovu vya wageni, na ukutani picha moja ya vijana ishirini wamevaa kofia, yeye wa mwisho kulia, mrefu kuliko wote, hacheki. Juu ya kabati kulikuwa na glavu ya ngozi iliyofungwa na mpira ndani yake kwa kamba ya viatu, na sikuruhusiwa kuifuta vumbi. Mke wake, mwalimu Mbelgiji aliyekutana naye Meksiko na kumleta huku, alikuwa amekufa miaka sita nyuma. Nguo zake zilikuwa bado kabatini. Kutoka dirisha la jikoni uliona kamba za nguo za majirani na, mbali, kuba la kanisa kubwa la Koekelberg, ambalo Mzee aliliita sufuria iliyofunikwa vibaya.

Nilimdharau tangu siku ya kwanza, na sikuficha sana. Alikuwa na miaka karibu sabini na alipaka nywele rangi nyeusi iliyochafua mito yote ya nyumba. Alishinda na pajama mpaka saa sita, halafu akavaa suti kamili kwenda kununua gazeti hatua mia kutoka mlangoni. Alikuwa mweusi kuliko mimi, na bado aliniuliza, kwa Kifaransa chake kibovu kuliko changu, kama kwetu watu wanakula mezani. Tulipopita Matonge watu walimsalimia kwa Kilingala, wakamwita tonton, yaani mjomba, na yeye akatazama pembeni kana kwamba wanamsemesha mtu wa nyuma yake. Na alikuwa na hadithi moja ya mchezaji mkubwa wa Amerika ambaye yeye Mzee alimshinda mara tatu kwa siku moja, hadithi ambayo uwanja wake ulijaa zaidi kila alipoisimulia. Mwezi wa Machi watu walikuwa wamekaa. Ilipofika Mei walikuwa wamepanda juu ya mapaa. Alinionea kiburi na mimi nikamrudishia kiburi chake na nyongeza, na nadhani ndiyo maana tulidumu, kwa sababu wale watatu wa kabla yangu walikuwa wanamwonea huruma, na huruma ilimchefua.

Kitu kilichoniudhi kuliko vyote ni vidole. Kwenye besiboli kuna mrushaji anayesimama katikati ya uwanja, na mwenzake mdakaji anachuchumaa mbele yake. Kabla ya kila mpira mdakaji anaonyesha vidole katikati ya mapaja, ili wapinzani wasione: kimoja ni mpira wa moja kwa moja, viwili ni wa kupinda, na kuendelea. Mrushaji asiyetaka anatikisa kichwa, na mdakaji anabadilisha mpaka wakubaliane, yote hayo bila neno. Mzee hakupenda maneno kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo alinifundisha kusimama mlangoni mwa sebule na kumwonyesha vidole, kidole kimoja supu, viwili wali na maharagwe, vitatu ndagala, dagaa wa kwetu, nilizonunua Matonge, na yeye anatikisa kichwa au anakubali. Vinne vilikuwa nyama ya nguruwe, ambayo mimi Mwislamu sikuipika wala sikuileta ndani, na hivyo vidole vinne havikuonyeshwa kamwe, ingawa kila siku alivitafuta kwa macho. Niliona ni upuuzi wa mtu asiye na kazi. Maharagwe yenyewe aliyataka meusi na yenye sukari kidogo, kitu ambacho hata leo nikikifikiria nabetua mdomo. Lakini nilisimama mlangoni nikaonyesha vidole, kila siku, na taratibu nilijifunza kujua atatikisa kichwa mara ngapi kabla ya kukubali. Nikianza na ndagala alizotaka, alizikataa ili tu azipate mwishoni.

Kila Jumapili alikuja Gaston. Huyu alikuwa katibu wa klabu ndogo ambayo Mzee aliifundisha kwa miaka mingi, Wabelgiji wa ofisini waliovaa kofia za Kiamerika na kuitana majina ya Kiamerika. Gaston mwenyewe hajawahi kurusha mpira ukafika mahali. Alichopenda ni karatasi. Alikuja na keki ya duka na kitabu kinene cha takwimu kilichochapishwa ng'ambo, akakaa kwenye kiti kibovu na kumsomea Mzee maisha ya Mzee. Nilikuwa nawasikia kutoka jikoni. Mzee anasema mwaka ule alishinda michezo kumi na minne, Gaston anapekua, anasema hapana, kumi na miwili. Mzee anasema mvua ilinyesha, Gaston anasema kitabu hakisemi mvua. Siku moja nikamsikia Gaston akiuliza kwa nini kila kitabu alichonacho kinasema Leandro, kama Mzee alivyojulikana, alirusha kwa mkono wa kushoto, na yeye amemwona miaka ishirini akirusha kwa kulia. Mzee akasema ni kosa la mpiga chapa. Gaston akalikubali jibu hilo, lakini hakukisahihisha kitabu chake, kwa sababu ni kitabu.

Mwezi wa Juni, mchana, nilikuwa nachambua mchele jikoni na yeye amekaa kwenye stuli akinitazama, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Akaniita, Mwajuma. Nikageuka. Akasema, "Hilo si jina lako."

Niliendelea kuchambua mchele ambao sasa sikuuona. Akasema mtu akiitwa jina lake hugeuka kabla hajasikia vizuri, na mimi nageuka baada ya kufikiri. Alikuwa amenijaribu tangu wiki ya kwanza, akiniita kwa nyuma nikiwa kwenye sinki. "Najua," alisema, "kwa sababu mimi pia nimegeuka hivyo tangu nina miaka kumi na saba."

Kisha akanisimulia, bila uwanja uliojaa watu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Leandro alikuwa kaka yake. Ndiye aliyekuwa na mkono, mkono wa kushoto, na mtu wa timu ya Havana alikuja hadi kwenye kiwanda cha sukari walikoishi, akamwona mara moja kutoka mbali, akaandika jina na neno kushoto, akamwacha na barua ya kuripoti mwezi unaofuata. Katikati ya mwezi huo Leandro alikanyaga msumari, na pepopunda ikammaliza kwa siku nane. Baba yao alichukua ile barua na cheti cha kuzaliwa na viatu vya Leandro, akampa mdogo, ndiye Mzee, ambaye jina lake ni Tobias, akampandisha treni. Siku ya kwanza kocha alisoma karatasi, akasema wewe ni wa kushoto. Tobias akasema mkono umeumia, aruhusiwe kujaribu kwa kulia. Alirusha vizuri, akabaki. Hakuna aliyeuliza tena. Miaka kumi na mitatu walimwona akirusha kwa kulia mbele ya macho yao, na wakaendelea kuandika kushoto. Alisema hilo ndilo lililomfundisha kuwadharau. Mwanzoni aliogopa kila siku kwamba watagundua, halafu akaelewa kwamba hawatagundua kamwe kwa sababu hawatazami, na hapo akatamani angalau mmoja agundue.

Akaniuliza jina langu ni nani. Nikamwambia naitwa Mwajuma. Niliona uso wake ukijifunga. Leo najua alikuwa amenipa kitu na alikuwa anangoja nimpe changu, lakini siku ile nilichokiona mbele yangu ni mwizi wa marehemu, mzee aliyejaza dunia maneno kwa jina la maiti kwa sababu ya mchezo, na mimi si kama yeye, mimi nilikimbia vita. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nilimdharau siku ile kuliko siku zote, na ilinichukua miaka kukubali kwamba nilikuwa natazama kioo na kukitemea mate.

Kilichofuata ndicho kilichoniharibia usingizi. Klabu ilikuwa inatimiza miaka yake, Gaston alikuwa anaandaa kijitabu cha maisha ya Mzee, na Mzee alikuwa ameamua kwamba Jumapili inayofuata atamwambia Gaston aandike Tobias. Alikuwa mzee sasa, alisema, hakuna wa kumfukuza tena, na hakutaka kuzikwa na jina la mtu ambaye tayari ana kaburi. Mimi sikufikiria kaburi la mtu. Nilifikiria mkataba wangu, ambao chini yake, kwa mwandiko mzuri wa kujivuna, kulikuwa na sahihi ya Leandro. Leandro akigeuka kuwa maiti wa Cuba, mkataba wangu umesainiwa na maiti, na mtu wa ofisini akianza kuuliza majina ya nyumba ile hataishia kwa Mzee, atafika kwangu. Nilikwenda Matonge, nikamweleza Maman Béa habari za Mzee, zangu nikazimeza. Alinisikiliza akiwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja. "Écoute, mutoto," alisema. "Asibadirishe kitu mbele wewe upate carte. Muambie angoje. Kama anakupenda atangoja. Kama hakupendi, umuombe vilevile."

Nilimwomba. Sikusema kwa nini, nilisema tu kwamba karatasi zangu zinakwenda ofisini Novemba na ningependa kila kitu kikae kama kilivyo mpaka hapo. Alinitazama kwa muda mrefu, akijua kabisa kwa nini. Nilidhani atanidai jina langu kama bei ya kungoja. Hakudai. Alisema amengoja miaka hamsini, miezi mitano haimshindi, ila nimwahidi kwamba kama lolote litamtokea kabla, mimi ndiye nitakayemwambia Gaston. Nikaahidi. Ilikuwa ahadi rahisi, mtu alikuwa na afya ya farasi. Kiangazi kile tulikula vizuri. Alianza kuomba ndagala mara mbili kwa wiki, na nilimwekea sukari kwenye maharagwe bila kuombwa, na kila Jumapili Gaston alikuja kumsomea kitabu, na Mzee alimsikiliza na kunikonyeza mimi niliyekuwa mlangoni.

Katikati ya Oktoba kiharusi kilimwangusha bafuni. Walipomrudisha kutoka hospitali, upande wa kushoto ulikuwa umekufa na sauti imekwenda. Kichwa kilikuwa kizima, macho yale yale ya dharau, na mkono wa kulia ulikuwa unafanya kazi. Chakula hakikuwa shida, tulikuwa na vidole. Watu wa huduma waliokuja asubuhi walishangaa jinsi tunavyoelewana, wakanisifu, na nilizipokea sifa zile kana kwamba vidole ni akili yangu.

Gaston alikuja Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kijitabu chake kikiwa tayari kwenda kwa mpiga chapa. Alikuwa ameleta ukurasa wa kwanza ili Mzee auone. Juu kabisa, Leandro. Akauweka kwenye blanketi, akaniuliza mimi, kwa sauti ya juu kana kwamba na mimi nimepatwa na kiharusi, kama Mzee anaridhika na kila kitu. Mzee aligonga jina kwa kidole, akanitazama. Gaston akasema anataka nini? Nikasimama mlangoni mahali pangu pa siku zote. Nilijua anachotaka, lakini Gaston alikuwa ananitazama na ilibidi nifanye kitu, au labda nilitumaini kwamba atakuwa amesahau. Nikaelekezea kidole jina pale kwenye karatasi, nikaonyesha kidole kimoja. Mzee akatikisa kichwa. Nikaonyesha viwili, na kwa viwili tulielewana yeye na mimi ni jina gani. Akakubali. Kisha, ili kusiwe na kosa, akainua mkono wake wa kulia kutoka kwenye blanketi na yeye mwenyewe akaonyesha vidole viwili, na akavishikilia juu, akinitazama.

"Anasema nini?" Gaston aliuliza.

Ofisi ya vibali ilikuwa imenipangia miadi siku kumi na moja mbele. Nilisema, "Anasema ni sawa. Libaki hivyo: Leandro."

Mzee alikielewa Kifaransa vizuri kuliko alivyokisema. Mkono ulishuka. Gaston akakusanya karatasi zake, akambusu shavu, akala kipande cha keki yake mwenyewe, akaondoka akiwa na furaha. Mimi nilirudi sebuleni na kuanza kueleza, kwamba ni siku kumi na moja tu, kwamba baada ya hapo nitakwenda mwenyewe kwa Gaston, kwamba kijitabu kinaweza kuchapwa upya. Alikuwa amegeuzia macho ukuta wenye picha. Siwezi kusema alinikasirikia. Aliniweka tu pamoja na wengine.

Toka siku hiyo hakutikisa kichwa tena. Niliposimama mlangoni na kuonyesha kidole kimoja, alikubali. Kesho yake viwili, alikubali. Nilianza na vitatu ambavyo kwa desturi alivikataa kwanza, alikubali. Mtu aliyenisumbua miezi minane kwa kila sahani alikula kila nilichomwekea, bila kunitazama, kama mgeni hotelini. Kadi yangu ya kuishi ilitoka Novemba. Nilimwonyesha, akaitazama picha, akalitazama jina la Mwajuma, akafumba macho. Siku moja ya Desemba hasira ilinipanda, sijui nilimkasirikia nani, nikasimama mlangoni nikamwonyesha vidole vinne. Nilitaka acheke, au anitukane kwa macho. Alikubali. Nilishuka ngazi, nikanunua nyama ya nguruwe kwa mikono yangu, nikaipika nikilia kwenye jiko lake, na alikula vijiko vitatu kisha akafunga mdomo. Alikufa Januari. Kijitabu kilikuwa kimetoka, na nilimwacha Gaston aandike jiwe la kaburi kutoka humo. Kwa Gaston sikwenda. Mwaka wa kwanza nilisema bado kadi ni mpya, halafu nikasema nimeolewa na mume wangu amemwoa Mwajuma, halafu Nadia akazaliwa na kuandikishwa mtoto wa Mwajuma, na kila mwaka kulikuwa na karatasi moja zaidi juu ya ile ya kwanza.

Basi Jumamosi iliyopita. Gaston yupo, ana miaka themanini na kitu, yuko kwenye kiti cha magurudumu na kofia ya klabu, na ndiye aliyekumbuka nialikwe. Mwenyekiti wa sasa ni kijana mwenye ndevu ambaye hakumjua Mzee kabisa, amemtoa kwenye mtandao. Walivuta kitambaa, na pale palikuwa na Leandro na mtu wa shaba anayerusha kwa kushoto. Mwenyekiti akasema yupo mama aliyemtunza gwiji wetu siku zake za mwisho, labda ana maneno mawili. Nadia alinisukuma mgongo kwa furaha. Nikaenda mbele, na nilichokuwa nimekiogopa miaka thelathini nikakisema kwa sentensi nne. Kwamba mtu huyu anaitwa Tobias. Kwamba Leandro ni kaka yake, alikufa kijana na kaburi lake liko Cuba. Kwamba Mzee aliomba jina lake liandikwe na mimi ndiye niliyedanganya. Na kwamba alirusha kwa mkono wa kulia, na Gaston, wewe ulimwona kwa macho yako.

Gaston alifikiri. "Ni kweli, kulia," alisema polepole. "Lakini vitabu vyote vinasema kushoto."

Wakapiga makofi. Mwenyekiti alinishukuru kwa maneno yenye hisia, akasema pengine wataweka kitu kwenye tovuti, kibao kimeshalipiwa. Mwanamke mmoja alinishika mkono akaniambia Kifaransa changu ni kizuri sana. Halafu wakarudi kwenye mvinyo. Nilisimama pale nikiwatazama, na dharau yote ya Mzee ilinipanda kooni kama chakula kilichokataa kushuka. Kwa ajili ya watu hawa nilimnyima mtu jina lake. Niliogopa watu ambao ungewaambia jambo lolote duniani wangekushukuru kwa hisia. Hawakutazama mwaka ule, hawakutazama Jumamosi, na yeye alikuwa ameniambia hivyo mwezi wa Juni kwenye stuli ya jikoni. Mmoja tu alitazama katika nyumba ile yote, na aliponiuliza jina nikamwambia Mwajuma.

Kwenye meza ya kutokea kulikuwa na kitabu cha wageni. Nadia alitia sahihi kwanza, akanipa kalamu, bado ananitazama kwa mshangao wa yale niliyosema mbele. Nikainama nikaandika taratibu, kwa mwandiko wangu wa shule ya msingi ya Buyenzi kule nyumbani, ambao mkono haukuusahau. Nadia akasoma juu ya bega langu, akacheka kidogo.

"Mama, umekosea, hilo si jina lako."

Nikamwambia sijakosea.